Kitunguu Kinachochelewa Kuchanua

Mwezi Machi, ukishuka Nduguti kutoka Iguguno na kutupa jicho kwenye majaruba ya mabondeni, utaona katikati ya majani ya vitunguu bua moja moja limechomoza, refu, limebeba kichwa cheupe cha mviringo. Mpita njia hulisifu. Mkulima anayeijua kazi yake hulikata siku hiyohiyo. Yuko na wa tatu, ambaye hulifunga kipande cha kitambaa ili vibarua wasiling'oe, akijihesabia kwamba amepata mbegu bila jasho. Huyo wa tatu ndiye anayetuharibia vitunguu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kumtambua kabla hujampa fedha yako.

Kitunguu maji kwa asili yake ni mmea wa misimu miwili. Msimu wa kwanza hujaza tumbo. Wa pili hulitumia tumbo hilo kutoa ua na mbegu. Kinachotoa ua msimu wa kwanza kimeruka hatua. Bua lake hupita katikati ya kitunguu na kuacha kiini kigumu, kisha tundu, na humo maji na ukungu huingia. Kitunguu cha namna hiyo hakikai kichanjani. Baya zaidi, haraka hiyo hurithiwa. Ukikusanya mbegu za mabua ya Machi na kuzisia Desemba, mwaka unaofuata mabua yataongezeka, na baada ya misimu michache utakuwa na shamba linalowafurahisha nyuki na lisilo na kitu cha kupeleka sokoni. Mbegu bora hutoka kwenye kitunguu ambacho kingeweza kuchanua mapema lakini hakikuchanua: kilikomaa, kikaangusha majani, kikalala kichanjani, ndipo kikapandwa upya na kutoa ua kwa wakati wake. Vipimo vyote nitakavyovitaja vimetokana na jambo hilo.

Wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012 na Nduguti ikawa makao makuu yake, ila vitunguu vilizitangulia ofisi. Mavuno ya huku hupitia soko la Misuna mjini Singida, na kutoka hapo malori huyapeleka Dar es Salaam na hata kuvuka mpaka kwenda Kenya. Maongezi ya wakulima kuhusu zao hili kwa kawaida huishia kwenye bei na kwenye lumbesa, lile gunia lililofungwa kilemba juu hadi likapita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria ya vipimo. Ni malalamiko ya haki. Lakini hata gunia likipimwa kihalali, mnunuzi atalifungua na kukuta mapacha, shingo nene na viini vigumu, na hapo mizani haina la kumsaidia mkulima. Ajabu ni kwamba mtu atabishana nusu siku juu ya bei ya gunia, halafu anunue mbegu kwa dakika mbili.

Dukani kuna makopo ya Red Creole, yenye asili ya Louisiana huko Marekani, na ya Bombay Red iliyotokea India, pamoja na chotara kadhaa za F1, yaani za kizazi cha kwanza. Mtaani kuna mbegu za kupima kwa kikombe. Hizi huitwa Singida, au Mang'ola kwa jina la lile bonde la Karatu kando ya Ziwa Eyasi ambalo vitunguu vyake vyekundu vimejijengea sifa, au jina lolote ambalo muuzaji anaona litamfurahisha aliye mbele yake. Sina ugomvi na mbegu za kupima. Baadhi ya mbegu nzuri kabisa zimetoka kwa mama mwenye robo eka nyuma ya nyumba. Ila kopo lina lebo ya kulisemea, na kikombe hakina. Kwa hiyo lazima umpime mtu mwenyewe na bustani yake.

Anza na vitunguu anavyopanda. Mzalishaji mzuri hangoji dalali aondoke ndipo achague. Huchagua vikiwa bado ardhini, majani yakianza kulala, kwa sababu kitunguu kikishakatwa majani kimenyamazishwa nusu. Shambani unaona kipi kiliangusha majani mapema pamoja na wenzake na kipi kilibaki kimesimama na shingo kama kidole gumba. Unaona kipi kilibaki na majani mabichi wakati jirani zake wamejaa mabaka ya zambarau au wamefanywa rangi ya fedha na thripi. Mwenye jicho huchomeka kijiti pembeni ya kila anachokitaka, hukichimba peke yake na kukianika kivulini mahali pake. Ukifika kwake ukamkuta ana kichanja kidogo cha vitunguu ambavyo hata mgeni wa heshima hapikiwi, umefika mahali penyewe. Ukioneshwa vile vidogo vilivyobaki baada ya lori kujaa, aga kwa adabu.

Kishike kimoja. Ukubwa wa wastani ndio unaotakiwa, kipenyo cha sentimeta 5 au 6 hivi: kikubwa mno huoza kwa urahisi kichanjani, na kidogo mno hutoa bua moja dhaifu. Maganda ya nje yawe makavu, yamebana, yenye rangi nzito iliyoenea pote. Bonyeza karibu na shingo, maana hapo ndipo uozo unapoanzia. Kikibonyea, kiweke chini hata kama sura yake inavutia. Shingo yenyewe iwe nyembamba na imefunga kabisa. Kitako kisiwe na mizizi mipya. Umbo liwe lile la aina yake: kama aina ni bapa, vyote viwe bapa. Rundo lenye bapa, mviringo na marefu kwa pamoja ni rundo la mbegu zilizochanganyika tangu kwa bibi yao.

Kisha omba kisu. Kata theluthi ya juu, mkato mmoja ulionyooka, na utazame uso uliojitokeza. Kitunguu kizuri kina pete zinazozunguka kitovu kimoja, na kitovu hicho ni cha rangi ya kijani-manjano hafifu, kimetulia katikati. Kibaya kina vitovu viwili, vitatu, wakati mwingine vitano, kila kimoja na pete zake, vimesukumana hadi pete za nje zimepinda. Hicho ndicho kinachozaa mapacha, na mpishi wa mjini akikikata hupata vipande vinavyotawanyika badala ya duara safi. Machozi yakikutoka wakati wa ukaguzi huu, ni dalili njema: vitunguu vyetu vyekundu vikali ndivyo vinavyodumu kichanjani kuliko vile laini vyenye maji mengi.

Hapa ndipo ninapompima mtu kuliko mahali pengine popote. Kila kitovu kinaweza kutoa bua lake, kwa hiyo kitunguu chenye vitovu vinne hutoa maua mengi na mbegu nyingi kuliko chenye kimoja. Mbegu huuzwa kwa uzito. Anayeuza ana kila sababu ya kupanda mapacha na kukuachia wewe hasara ya miezi minne baadaye. Anayekata, akaona vitovu vinne, na kukirusha kitunguu kwenye kapu la mboga bila kusita, huyo mnunulie hata kama bei yake imezidi ya jirani. Mkato wenyewe haupotezi kitu: kipande cha juu huenda jikoni, na cha chini, kikishakauka uso kivulini na kupakwa majivu kama wafanyavyo wengi, huchipua upesi kuliko kitunguu kizima.

Muulize pia amepanda vingapi. Kitunguu hudhoofika haraka kikizaliana na ndugu zake wa karibu. Baada ya vizazi vichache miche inakuwa hafifu na matumbo yanapungua. Mwenye vitunguu 20 vya ajabu atakuuzia mbegu nzuri mara moja tu. Mwenye mia mbili au tatu vizuri tu, lakini vya rangi na umbo moja, atakuuzia miaka yote.

Kinachokiamsha kitunguu kutoa ua ni baridi. Aina za nchi za kaskazini hudai wiki nyingi za nyuzi 9 hadi 13. Hizi zetu huridhika na baridi nyepesi zaidi, na Juni na Julai za Singida, na ule upepo wake wa usiku, huwapa wakulima sehemu kubwa ya wanachohitaji. Ratiba inayoeleweka kwa Nduguti, kwa hiyo, ni hii: mavuno ya mvua yatoke Mei, vitunguu vipumzike kichanjani wiki chache, viingie ardhini Juni, vichanue kuanzia Agosti, na mbegu zikauke kabla mvua za Novemba hazijafika. Anayekwambia amevuna mbegu Aprili amekwambia, bila kujua, kwamba ni mbegu za mabua ya haraka. Huhitaji ushahidi zaidi ya huo. Na kwa upande wa makopo, soma lebo: aina za Ulaya zinazosubiri siku yenye saa 14 za mwanga zitakaa kwako zikiota majani tu, maana huku mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima.

Sasa nenda bustanini Agosti au Septemba, simama ukingoni kabla hujasalimia. Bustani ya mbegu haifanani na shamba la kula. Ya kula hubanwa, mche hadi mche sentimeta 10 hivi. Ya mbegu huachiwa nafasi, sentimeta 30 kati ya mistari na 20 au zaidi kati ya vitunguu, ili upepo upite na mabua yakauke umande upesi. Vitunguu vimefukiwa hadi shingoni, si kuachwa juu kama vya kula, kwa sababu bua hufika karibu mita moja, ni tupu ndani, na upepo wa Singida haulionei huruma. Aliyeweka vijiti na kamba pembeni mwa matuta amefikiria mapema. Samadi iwe iliyooza vizuri na ya kiasi. Bustani yenye majani manene ya kijani cheusi na mabua machache imelishwa nitrojeni kupita inavyofaa.

Angalia maji yanapopita. Yapite chini, kwenye mfereji. Ukiona mtu anamwagia juu ya maua kwa keni, anaosha chavua na anakaribisha ugonjwa. Baka la zambarau likishika bua katikati, bua hukunjika hapo, na kichwa chote kilichokuwa juu yake hujaa mbegu zisizo na kitu ndani. Mabua machache yaliyokunjika ni kawaida. Yakiwa mengi hadi unayaona ukiwa ukingoni, mbegu za bustani hiyo waachie wenyewe.

Halafu inama utazame kichwa kimoja kwa karibu. Kinaonekana ua moja, kumbe ni mkusanyiko wa maua madogo mia kadhaa, kila moja na petali sita nyeupe zenye mstari wa kijani. Hayafunguki kwa pamoja. Katika kila ua chavua humwagika kwanza, na sehemu ya kike huwa tayari siku kadhaa baadaye, kwa hiyo ua haliwezi kujipa mimba lenyewe. Linahitaji mdudu alete chavua kutoka ua jingine. Kwa maneno mengine, bustani ya mbegu za vitunguu isiyo na nyuki ni bustani ya mapambo.

Singida ni nchi ya asali, mtu angedhani hapo hakuna shida. Shida ipo, na inatokana na zao letu jingine la fahari. Nekta ya kitunguu ina potasiamu nyingi, na nyuki huipenda kidogo kuliko ya maua mengine. Akipewa alizeti na kitunguu siku moja, ataenda kwenye alizeti. Ndiyo faida nyingine ya ratiba ya Juni: vitunguu vikichanua Agosti, alizeti za msimu wa mvua zimekwisha kuvunwa na porini maua ni machache. Mzalishaji hodari huning'iniza mzinga karibu, au humwomba jirani mwenye mizinga. Naye hapulizi dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi. Kama thripi wamemzidi, hupuliza jioni nyuki wakishalala, na huchagua dawa isiyobaki na sumu hadi kesho yake. Uliza tu, "Mama, unapuliza saa ngapi?" Jibu la swali hilo dogo litakueleza mengi kuliko maelezo marefu juu ya ubora wa mbegu.

Nyuki hao hao ndio wanaochanganya mbegu. Chavua ya kitunguu cheupe cha jirani ikifika, mwaka ujao utaona vyekundu vilivyofifia na vya manjano katikati ya shamba lako. Umbali unaoshauriwa kati ya aina mbili zinazochanua ni kama kilomita moja. Katika kijiji chenye mashamba yaliyogusana hilo ni gumu, na sitamlaumu mtu kwa kukosa kilomita. Nitamuuliza kama amezungumza na majirani. Wapo wanaokubaliana kupanda aina moja bonde zima, na hilo linatosha kabisa.

Neno kuhusu chotara za F1. Mwaka 1925, huko Davis, California, mtafiti Henry Jones aliona kwenye bustani yake kitunguu chekundu cha aina ya Italian Red ambacho maua yake hayakuwa na chavua hai. Kwa bahati nzuri kichwa cha kitunguu hicho kilitoa pia vitunguu vidogo juu kwenye ua, na kwa vitunguu hivyo vidogo aliweza kukiendeleza. Kutoka mmea huo mmoja ilianza njia ya kuzalisha chotara za vitunguu kwa wingi, maana mama asiye na chavua lazima apokee ya baba uliyemchagulia. Chotara ni nzuri mwaka wa kwanza: zinalingana, zina nguvu. Lakini ukipanda vitunguu vyake ili upate mbegu, watoto hutawanyika kila mmoja na sura yake, na mabua mengine hayatoi chavua kabisa. Anayekuuzia kikombe na kukuambia kwa fahari kwamba ni mbegu ya F1 aliyoivuna mwenyewe, mshukuru uondoke.

Kuvuna ni kazi ya jicho na uvumilivu. Vitumba hukauka na kupasuka kimoja kimoja, na ndani yake, katika vyumba vitatu, mna mbegu zisizozidi sita. Wakati wa kukata kichwa ni pale sehemu ya kumi hadi ya tano ya vitumba imefunguka na weusi wa mbegu unaonekana. Ukikata kabla, mbegu ni changa na zitasinyaa; ukichelewa, upepo umekwisha kupanda bustani kwa niaba yako. Kwa kuwa vichwa havikomai siku moja, mzalishaji wa kweli hupita bustanini mara tatu au nne. Anayefyeka vyote kwa mkupuo mmoja ana mbegu za umri tofauti katika mfuko mmoja, na kitalu chako kitaota kwa mafungu. Vichwa hukatwa na bua kidogo, hutandazwa juu ya turubai mahali penye hewa, hugeuzwa kila siku, na vikikauka hupukuchuliwa kwa mikono. Kupiga kwa rungu hupasua mbegu. Kisha ungo: mikono ya kina mama wa Nduguti iliyozoea kupepeta uwele na mtama haihitaji mwongozo wangu.

Baada ya ungo, wengine humimina mbegu kwenye ndoo ya maji. Zilizojaa huzama, tupu huelea na kumwagwa. Njia hii ni nzuri kwa sharti moja: zilizozama zitolewe baada ya dakika chache na kukaushwa siku hiyohiyo, kwenye kitambaa, kivulini penye upepo. Zikilala na maji zimeanza kuota.

Sasa mbegu ikiwa kiganjani. Iwe nyeusi ti, yenye pembe na mikunjo, isiyo na vumbi la kijivu. Uma moja kwa jino: ikatike kwa ugumu, na ndani iwe nyeupe. Ikipondeka kama unga au ikiwa na rangi ya kahawia ndani, imekufa. Gramu moja hubeba mbegu kama 250 hadi 300, na eka moja huhitaji kilo moja na nusu hadi mbili. Ukiambiwa utahitaji nne, ujue muuzaji mwenyewe haamini uotaji wa mbegu zake. Mbegu iliyopakwa rangi kwenye mfuko usio na lebo usiiguse, kwa sababu rangi huficha umri. Na umri ndio adui mkubwa hapa: mbegu ya kitunguu hufa upesi kuliko za mboga nyingi, na ikikaa kwenye mfuko wa kawaida katika joto letu, mwaka mmoja unatosha kuipunguzia uotaji kwa kiasi cha kutisha.

Kwa hiyo usinunue kilo kabla ya kujaribu punje. Omba au nunua kijiko kimoja wiki mbili kabla. Hesabu punje 100, zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa, kunja, weka ndani ya sahani iliyofunikwa mahali pasipo na jua, na uhakikishe hakikauki. Siku ya sita zitaanza kuchungulia. Siku ya kumi hadi ya kumi na mbili hesabu tena. Themanini na kwenda juu ni mbegu ya kununua. Kati ya sitini na themanini, punguza bei na uongeze kipimo kitaluni. Chini ya hapo usinunue, hata kwa mkopo. Muuzaji anayekataa kukupa kijiko cha majaribio amekwisha kufanya jaribio hilo mwenyewe. Na kwa anayetaka kuuza nje ya kijiji chake, sheria ya mbegu ya mwaka 2003 inamtaka apite kwa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ipo njia ya mbegu za daraja la kuazimiwa kwa wakulima wadogo, ambayo inahitaji ukaguzi wa shamba, kwa hiyo taarifa itolewe kabla ya kupanda na si baada ya kuvuna.

Mbegu zikishanunuliwa Oktoba au Novemba, zinangoja kitalu cha Desemba na Januari, miezi ambayo hewa ya Nduguti ndiyo yenye unyevu. Zikaushe tena siku moja kivulini. Weka kwenye chupa ya kioo au kopo lenye kifuniko kinachobana, na chini yake mkaa mkavu uliopondwa au mchele uliokaangwa ukapoa, ukitenganishwa na mbegu kwa kitambaa. Andika juu aina, mwezi wa kuvuna na jina la aliyekuuzia. Liweke kopo mbali na paa la bati na mbali na jiko. Kitalu kikitoka, miche ipandikizwe ikiwa na wiki sita hadi nane, kabla haijazidi unene wa penseli, kwa kuwa mche mnene huvutwa na baridi kidogo tu kutoa ua. Mbegu itakayobaki baada ya Januari usiihifadhi kwa mwaka unaofuata. Mpe jirani ambaye kitalu chake kimeliwa na mvua, wakati bado anaweza kusia.